Mazungumzo ya Jioni: Nguvu za Wapiganaji na Masharti Yake



Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha jioni, nilikuwa nimeketi barazani petu hapa Mulongwe pamoja na jirani yangu, mzee wa Kasenga, aliyekuja kunijulia hali. Milima ilikuwa imekwisha kulificha jua, na kwa kuwa usiku ule haukuwa wa mbalamwezi, wavuvi wa ndagala walianza kuwasha taa zao huko ziwani. Uani watoto wa nyumbani na wenzao wa shule walikuwa wakibishana kwa sauti kuu, hata nikadhani wamegombana. Nikawaita. Kumbe, ubishi wao haukuwa wa mpira wala wa fedha! Walikuwa wakibishana juu ya nguvu za watu ambao hawajapata kuishi duniani.

Huenda wako wazazi wasioijua habari hii, basi yafaa niieleze kidogo. Wajapani wana filamu za katuni ziitwazo anime. Mojawapo, inayopendwa mno na vijana wetu, jina lake ni Dragon Ball. Mtungaji wake alikuwa Akira Toriyama, aliyeanza kuichora katika gazeti la vijana huko Japani mwaka 1984, akaimaliza mwaka 1995. Sehemu yake iitwayo Dragon Ball Z ilionyeshwa katika televisheni ya Japani tangu mwaka 1989 hata 1996. Wafaransa waliitafsiri kwa lugha yao, na kwa njia ya Kifaransa ikatufikia sisi Wakongomani. Bwana Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024, lakini hadithi yake ingali yatazamwa. Zamani vijana walilipa kiingilio katika nyumba za video. Siku hizi wanaitazama katika simu, watu sita wakiinamia kioo kimoja.

Yasimulia habari za Goku, mtu mwenye nguvu nyingi na moyo mwepesi kama wa mtoto, aliyetoka katika sayari nyingine akalelewa hapa duniani. Maadui zake wanakuja kwa vyombo vya angani, nao huvaa jichoni kioo kidogo ambacho kazi yake ni kupima nguvu ya kila mpiganaji na kuitaja kwa hesabu.

Hapo ndipo ubishi wa watoto wetu ulipozaliwa. Yule mpenda hesabu alisema, “Baba, vita ni tarakimu. Raditz alipotua duniani alimpima mkulima mwenye bunduki, akaona nguvu yake ni 5. Goku alikuwa na 334, na Piccolo 322. Mwenye hesabu kubwa hushinda, basi.”

Mdogo wake akamjibu mara moja, “Sivyo, yaya. Walipoyavua mavazi yao mazito, Goku akapanda hata 416 na Piccolo 408. Na Goku alipokusanya nguvu mikononi ili airushe, kioo kikaonyesha 924. Kama hesabu ya mtu mmoja yaweza kupanda na kushuka katika dakika moja, kioo chaonyesha kitu gani? Kinaona kilichofunuliwa tu, kilichofichwa hakikioni.”

Binti yetu, aliye mtulivu kuliko wote, alingoja zamu yake, kisha akasema neno lililonifanya nikae sawasawa kitini. “Ninyi nyote mmesahau jinsi Raditz alivyouawa. Hakuna aliyempita kwa hesabu. Kwanza mtoto Gohan, aliyekuwa analia kwa hofu, alikasirika akamgonga kwa kichwa. Ndipo Goku akamkamata adui kwa nyuma, akamwambia Piccolo awatoboe wote wawili. Goku akafa pamoja naye. Nguvu ya pale ilitoka kwa mtu aliyekubali kulipa. Na kila nguvu katika hadithi ile ina bei yake. Ile iitwayo Kaioken huzidisha nguvu za mwili mara mbili, mara tatu, hata mara nne, lakini mwalimu alimwonya Goku asipite mara mbili. Alipopita, misuli yake mwenyewe ikaumia. Sharti lilitajwa kabla ya vita, na bei ililipwa na yeye aliyeitumia nguvu.”

Nikamsifu. Lakini mpenda hesabu hakukubali. Alisema, “Masharti gani hayo, dada? Vegeta alitangaza ya kuwa Super Saiyan huzaliwa mmoja tu katika miaka 1,000. Baadaye hata watoto wadogo, Goten na Trunks, wakawa Super Saiyan kama mchezo. Sharti limekwenda wapi?” Sote tukacheka, maana kweli alisema. Mtungaji ndiye aliyeishika kalamu, na hadithi ikimtaka aigeuze sheria, huigeuza.

Palikuwa na kijana mwingine, mwenzao wa shule, mwenye umri wa miaka 17. Muda wote hakufungua kinywa. Watu walipokuwa wanacheka, yeye aliinua macho akamtazama mzee wa Kasenga.

“Babu,” alisema, “na wale wanaooga maji kule milimani, nguvu yao inafanyaje kazi? Binamu yangu amekwisha oga. Ameniambia likizo ikianza nimfuate. Asema risasi zitageuka maji, mradi nisishike mali ya mtu, nisimguse mwanamke, wala nisigeuke kutazama nyuma. Yeye amekwenda vitani mara mbili, naye ni mzima.”

Kicheko kikakoma. Wasomaji wangu wa Uvira, Fizi na Ruzizi hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Mzee hakumkemea, wala hakumcheka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mjukuu wangu, umeuliza vizuri. Wenzako wamebishana juu ya nguvu za watu wa karatasi. Hebu na sisi tubishane juu ya hiyo yako kwa mizani ile ile.”

Nami nawaandikia aliyoyasema, pamoja na yale yaliyomo katika vitabu vya historia.

Mwaka 1964 ulikuwa mwaka wa moto. Januari Pierre Mulele aliwasha maasi huko Kwilu, magharibi ya nchi yetu. Aprili Wafulero wa bonde la Ruzizi, wakiongozwa na Musa Marandura, waliinuka. Katikati ya Mei mji wa Uvira ulianguka mikononi mwao. Juni ikafuata Albertville, iitwayo leo Kalemie. Na tarehe 5 Agosti Stanleyville, yaani Kisangani. Wapiganaji waliitwa Simba. Kabla ya vita waliogeshwa au kunyunyiziwa dawa ya maji na majani, wakichanjwa au kutiwa alama mwilini, na walipokwenda mbele walipaza sauti wakisema “Mai Mulele!” ili risasi ziwe maji.

“Na kweli,” alisema mzee, “mwanzoni watu waliona kama inafaa. Tulikuwa watoto, tuliwaona askari wa serikali wanakimbia mbele ya vijana wenye mikuki na matawi ya miti. Je, utasema hapakuwa na nguvu? Palikuwa. Lakini iliketi wapi nguvu ile? Iliketi katika moyo wa yule askari. Naye pia alikuwa mtoto wa Kiafrika, aliyesikia tangu utoto habari za dawa. Alipowaona watu wanakuja wamesimama wima, wanaimba, hawajifichi, mikono ilimtetemeka. Alipiga hewani, au akatupa bunduki akakimbia. Basi maji hayakuigeuza risasi. Yalimgeuza mwenye kuipiga.”

Wasomaji wapenzi, hapa yafaa tusimame kidogo, maana neno hili ni zito. Nguvu ya namna hiyo hudumu muda ule tu adui anapoiamini. Siku atakapokuja adui asiyeamini, imekwisha, na aliyeoga hana ngao. Ndivyo ilivyotokea Agosti mwaka ule ule, Simba waliposhambulia Bukavu. Jeshi la serikali lilisimama pale, likapiga kwa shabaha, na mashambulio yakavunjika. Oktoba Uvira yenyewe ikarudi mikononi mwa serikali.

Wala hatukuwa sisi wa kwanza. Ng’ambo ya ziwa, katika nchi iitwayo leo Tanzania, mwaka 1905 Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbono na mtama, ili risasi za Wadachi ziwe maji. Maji yale yalifanya kazi moja kubwa ya kweli: yaliyaunganisha makabila ambayo hayakuwa yamepata kusimama pamoja. Lakini tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliikabili ngome ya Mahenge, na bunduki za rashasha mbili ziliwafyeka kama majani. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Wataalamu wengine wakadiria kufika 250,000 au zaidi.

Yule mpenda hesabu, aliyekuwa kimya, akauliza kwa adabu, “Babu, kama dawa ilishindwa Bukavu, mbona watu hawakuiacha?”

Mzee akajibu, “Kwa sababu ya masharti, mwanangu. Kaa usikie habari za kaka yangu.”

Akatusimulia. Kaka yake alikuwa na miaka 19. Alioga, akaondoka na wenzake kwenda Bukavu, asirudi. Baada ya siku nyingi mwenzake mmoja alikuja nyumbani. Mama akamwuliza, “Mwanangu amekufaje?” Akajibu ya kuwa amepigwa risasi. Mama akauliza, “Je, hakuoga?” Akajibu, “Alioga, mama. Lakini yasemekana alichukua kitu cha mtu njiani.”

“Basi,” alisema mzee, “hilo tu. Hakukitaja hicho kitu. Kaka yangu hakupata kuiba hata muhogo wa jirani. Lakini tangu siku ile, katika mtaa wetu alikuwa ni mwizi. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokuwa akipika, mara kwa mara alikuwa akisema peke yake: alichukua nini? Chumvi? Kuku? Kitambaa? Alizeeka akiuliza, akafa akiuliza. Risasi iliniulia kaka, na sharti likaniulia jina lake.”

Nadhani hata wavuvi kule ziwani wangaliweza kusikia jinsi baraza letu lilivyonyamaza.

Habari ya mzee si ya nyumba moja tu. Aprili 1965 Che Guevara, yule mpiganaji aliyejulikana kwa vita vya Kuba, alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba, katika pwani ya Fizi, ili awasaidie waasi. Aliandika mambo aliyoyaona, na hakulisahau jambo la dawa. Alieleza ya kuwa mpiganaji alikatazwa kushika kisicho chake, kumgusa mwanamke, na kuogopa. Akifa, ilisemwa amevunja mojawapo ya hayo. Akijeruhiwa, ilisemwa aliogopa. Guevara akatambua ya kuwa maiti hawezi kujitetea, na ya kuwa hakuna mtu aendaye vitani bila hofu. Kwa hiyo jibu la mganga lilikuwa tayari daima. Juni mwaka ule waliposhindwa vibaya huko Bendera, watu walinung’unika ya kuwa dawa ilikuwa mbaya. Mganga alijaribu kuyatupa makosa juu ya wanawake na hofu, lakini mahali pale hapakuwa na wanawake, wala si wote waliokubali kuitwa waoga. Wakamwondoa mganga, wakatafuta mwingine. Yaani walimbadili mtu, wala hawakuigusa dawa.

Ndipo binti yetu akasema, na mimi nayaandika maneno yake kwa sababu yanapita elimu yangu: “Basi hii ndiyo tofauti. Katika hadithi sharti hutajwa kwanza, na ukilivunja twaliona kosa lako kwa macho. Katika dawa mtu hufa kwanza, kisha kosa hutafutwa.”

Hivyo ndivyo ilivyo. Sharti la kweli laweza kupimwa. Ukiniambia mtumbwi huu hubeba watu kumi, nami nikiwapakia kumi ukazama, nitakujia nikuulize, nawe huna pa kujificha. Lakini ukiniambia mtumbwi huu hauzami kamwe isipokuwa ndani yake yumo mwenye dhambi, basi waweza kuzamisha mitumbwi mia, na kila mara wenye makosa watakuwa ni wale waliolala chini ya maji.

Nikamgeukia yule kijana. Nikamwambia, “Mwanangu, binamu yako amekwenda vitani mara mbili akarudi mzima, nami nashukuru. Lakini fikiri. Katika kila vita risasi nyingi hazimpati mtu. Wengi hurudi wazima, walioga na wasiooga. Aliyerudi huja kukusimulia barazani. Asiyerudi hakusimulii kitu. Ukiwasikiliza waliorudi peke yao, kila dawa duniani itaonekana njema.”

Kisha nikamweleza mambo ya darasani, ambayo wanafunzi wetu wanayajua lakini husahau kuyatumia. Risasi ya bunduki ile tunayoiona kila siku ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa mita 700 na zaidi katika sekunde moja. Sauti husafiri mita 340 tu katika sekunde. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbali hupigwa kabla ya kusikia mlio. Risasi haina masikio. Haiulizi kama uliiba, wala kama ulitazama nyuma.

Lakini tusiwe wadhalimu kwa wazee wetu. Masharti yale yalikuwa na upande mwema. Kumkataza kijana mwenye silaha asiibe na asiwashike wanawake ni jambo la heri, na kijiji kilichopitiwa na wapiganaji walioshika mwiko huo kilijua faida yake. Twawajua pia waliopigana kwa ajili ya mashamba yao na mama zao, na uchungu wao haukuwa wa uongo. Kosa ni kuyafunga mambo hayo mema katika ahadi isiyo ya kweli. Mtu asiibe kwa sababu wizi ni dhuluma. Akiacha kuiba kwa kuogopa risasi tu, basi siku atakapoiba asipigwe, atasema wizi ni halali. Tuliyaona hayo katika vita vilivyofuata mwaka 1996 na 1998, jina la Mai-Mai liliposikika tena katika milima yetu: wengine walishika mwiko, wengine waliushika mdomoni tu, na wanawake wetu ndio waliolipa.

Ninyi wakristo wa jimbo letu mnakumbuka pia tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile huko Baraka waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara, na huko Fizi Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa mwambao huu wa Tanganyika. Hawakuwa na maji ya kuwakinga, wala hawakumwambia mtu ya kuwa hawatakufa. Tarehe 18 Agosti 2024 tulikusanyika hapa Uvira walipotangazwa wenye heri. Hakuna aliyewatafutia kosa ili aeleze kifo chao. Imani yetu haisemi ya kuwa mwenye haki hapigwi risasi. Anayekuuzia ahadi hiyo, hata akitumia maji ya kanisani au rozari shingoni, anauza dawa ile ile katika chupa nyingine.

Kijana alisikiliza yote. Hakusema ya kuwa ameshawishika, nami sikumlazimisha. Aliuliza swali moja tu, na alimwuliza mzee: “Babu, kaka yako aliitwa nani?” Mzee akalitaja jina. Kijana akalirudia polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya, kisha akaaga akaenda zake. Juzi nilimwona ufukweni Kalundu akimsaidia mjomba wake kupakua magunia. Likizo haijaanza bado. Nimemwomba binti yetu na wenzake wasiache kumwalika jioni, na nimemwomba mzee naye aje.

Wazazi wapenzi, neno langu la mwisho ni kwenu. Msiwafukuze watoto wanapobishana juu ya Goku na Vegeta, mkisema ni upuuzi. Katika ubishi ule wanajifunza kuuliza: nguvu hii inatoka wapi? Sharti lake ni nini, na lilitajwa lini? Bei yake analipa nani? Ketini nao. Wasikilizeni mpaka mwisho, hata kama majina yale ya Kijapani yanawachosha. Kwa maana ipo siku mtu atamjia mwanao na chupa ya maji mkononi, na siku hiyo yafaa mtoto awe amekwisha zoea kuuliza maswali hayo matatu, tena awe anajua ni baraza gani atakalokwenda kuyauliza.

Hata juma lijalo, kaeni na amani.